Kuomba cheti cha uzamili cha tiba ya wanandoa na familia Marekani: hatua kwa hatua, na pale wengi wanapokwama

Kila ikifika Oktoba simu yangu hujaa jumbe za sauti. "Shikamoo dada, nina uzamili wa ushauri nasaha, nataka niongeze hii ya ndoa na familia. Naanzia wapi?" Kazi yangu ni tiba ya familia, hapa Ohio. Wateja wangu wengi ni Wakongo waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma, wachache Watanzania na Wakenya. Nimechoka kujibu vipande vipande, basi leo nimekaa niandike mara moja.

Hatua ya 1: Ulizia leseni kabla ya ada

Kuna vyeti vya aina mbili, na vyote huitwa jina lilelile. Kimoja ni cha kuongeza maarifa. Mara nyingi ni krediti 12 hadi 18: unasoma nadharia za mifumo ya familia, tiba ya wanandoa, pengine somo moja la watoto, unapewa karatasi yako. Cha pili ni cha watu wenye uzamili wa fani jirani, yaani ushauri nasaha, ustawi wa jamii au saikolojia, wanaotafuta leseni ya tiba ya ndoa na familia. Hiki kina mafunzo kwa vitendo, mamia ya saa za kukaa na wateja chini ya msimamizi. Ukichukua cha kwanza ukidhani ni cha pili, umeuziwa mbuzi kwenye gunia, na aliyekuuzia hakukudanganya. Ni wewe hukufungua gunia.

Marekani haina leseni moja ya nchi nzima. Kila jimbo lina bodi yake na masharti yake. Ingia tovuti ya bodi ya jimbo unakoishi, pakua orodha ya masomo wanayodai, kaa nayo mezani pamoja na transkripti yako (orodha rasmi ya masomo uliyosoma na alama zako), uweke alama somo kwa somo. Mapengo utakayoyaona ndiyo cheti kinapaswa kuyaziba. Kisha tazama kama programu ina ithibati ya COAMFTE, chombo cha Marekani kinachokagua programu za tiba ya ndoa na familia. Orodha yao inatenganisha uzamili, uzamivu, na programu zinazoitwa "post-degree". Hizo za mwisho ndizo za mtu kama wewe.

Halafu mwandikie mratibu swali moja, kwa baruapepe ili jibu libaki: mtu mwenye shahada kama yangu akimaliza cheti hiki, ataweza kuomba leseni katika jimbo hili? Jibu likizungukazunguka, tafuta kwingine. Hapohapo uliza pia kama cheti kinakubalika kwa mkopo wa serikali, maana si vyote vinavyokubalika.

Kwa ambaye bado yuko Dar au Nairobi na anategemea viza ya mwanafunzi, F-1: kozi ya nusu muda haitakupatia I-20, fomu ya chuo unayoombea viza hiyo, na katika masomo yanayohesabiwa kukufanya mwanafunzi wa muda wote, la mtandaoni ni moja tu kwa muhula. Vyeti vingi siku hizi ni vya mtandaoni au vya jioni. Kwa hiyo wa Nairobi huwa nawaambia waangalie kwanza Pan Africa Christian University, wanaofundisha uzamili wa fani hii palepale. Wakija huku baadaye, waje na shahada kamili mkononi.

Hatua ya 2: Karatasi, mapema kuliko unavyodhani

Shahada ya nje lazima itathminiwe na shirika kama WES. Agiza tathmini ya somo kwa somo, hata kama ile ya shahada nzima ni rahisi zaidi, kwa sababu kamati inataka kuona ulisoma nini na ulipata ngapi.

Transkripti yangu ya kwanza aliniletea shemeji yangu kutoka nyumbani, ndani ya bahasha yenye mhuri wa msajili kwenye mkunjo. Nilikuwa na hamu ya kuona alama zangu za mwaka wa pili, nikaifungua jikoni, maji ya chai yakiwa bado hayajachemka. Kwisha habari. Bahasha iliyofunguliwa haina thamani kwa watathmini. Shemeji huyohuyo akarudi kwenye foleni ya msajili, na mimi nikakosa dirisha la mwaka ule. Msajili aitume mwenyewe moja kwa moja. Wewe baki na nakala yako ya kutazama.

Angalia majina pia. Cheti cha chuo kina majina matatu, pasipoti ina mawili, na baada ya ndoa ukaongeza la mume. Chagua mpangilio mmoja, ule wa pasipoti, na ambatisha cheti cha ndoa au hati ya kiapo tangu mwanzo. Usisubiri waulize.

Hatua ya 3: Barua za mapendekezo

Kwa kawaida ni tatu. Mmoja awe mwalimu aliyekusahihisha, mmoja awe aliyekusimamia ukikaa na wateja. Barua ya mchungaji au sheikhe ina uzito kama alikusimamia katika ushauri na anaweza kueleza alichokiona. Kama anachojua ni kwamba unahudhuria ibada, mwache apumzike.

Kwenye fomu utakuta kisanduku kinachouliza kama unaachia haki yako ya kuzisoma barua hizo. Kiweke alama, achia. Barua ambayo mwombaji anaweza kuisoma huonekana kama ya kubembelezana.

Tatizo kubwa ni kwamba mfumo humtumia mwandishi kiungo kwa baruapepe, na kiungo hicho huishia kwenye barua taka. Profesa wako wa miaka 65 hataingia kukitafuta, nawe unaona haya kumkumbusha mtu mzima. Piga simu. Mpe shikamoo yake, muulizie wajukuu, kisha mwambie tarehe ya mwisho ni ya wiki mbili *kabla* ya ile halisi. Mtumie na ukurasa mmoja wa mambo uliyofanya chini yake, maana amefundisha mamia na hakumbuki kila kitu.

Hatua ya 4: Insha. Hapa ndipo pa kutoa jasho

Maswali huwa yaleyale kwa sura tofauti: kwa nini familia, kwa nini si mtu mmoja mmoja, familia yako imekufundisha nini, utafanyaje kazi na watu wasiofanana nawe. Waombaji wetu hulijibu la tatu kwa kukwepa. Wanaandika kwamba wamelelewa katika familia yenye upendo na kumcha Mungu, nukta. Tumefundwa kuficha mambo ya nyumbani, naelewa. Lakini fani hii imejengwa juu ya mtaalamu kujitazama. Mwaka 1967, kwenye mkutano Philadelphia, Murray Bowen, mmoja wa waasisi wake, alitarajiwa kusoma mada ya kitaaluma. Akasimama akaeleza alivyohangaika ndani ya ukoo wake mwenyewe.

Kabla ya kuandika neno lolote, chora jenogramu yako, yaani mchoro wa ukoo wako. Hawaiombi kwenye fomu. Ni ya kwako. Mraba ni mwanaume, duara ni mwanamke, wewe mwenyewe unazungushiwa mstari wa pili. Aliyefariki anawekewa alama ya X. Mstari wa ndoa ukikatwa mara moja ni kutengana, mara mbili ni talaka. Vizazi vitatu, babu juu.

Yangu niliichorea nyuma ya kalenda, karatasi ya kawaida haikutosha. Babu yangu wa Tanga alikuwa na wake watatu, na mistari yao ikapishana kama nyaya za umeme za uswahilini. Kisha nikafika kwa baba. Baba mzazi alikufa nikiwa na miaka minne. Aliyenilea ni baba mdogo, ambaye maisha yangu yote nimemwita baba. Rasimu yangu ya kwanza kwa Kiingereza ilisema baba alikufa, na aya mbili mbele baba akanisindikiza stendi. Rafiki Mmarekani aliyenisomea akaandika pembeni: yupi? Nilicheka, kisha nikaona kwamba insha yenyewe iko pale. Nikaandika kuhusu lugha inayomwita hata mdogo wa baba kuwa baba, na mtoto anayekua bila kujiita yatima.

Huna haja ya kumwaga siri. Chagua jambo moja, lionyeshe kwa karibu, sema ulivyokuwa ukiliona zamani na unavyoliona leo. Jeraha ambalo bado linatoka damu liache nyumbani.

Na kama umewahi kuwa mshenga, somo wa kumfunda mwali, au mtu anayeitwa vikao vya ukoo vikichacha, andika. Lakini onyesha unajua tofauti: mshenga ana upande na anataka ndoa isimame, mtibabu hana upande, na wakati mwingine ndoa haisimami.

Hatua ya 5: Kutuma

Tuma siku tatu kabla ya tarehe ya mwisho, usiku ambao umeme na intaneti vimetulia. Ada ya maombi mara nyingi ni dola 50 hadi 100; uliza kama kuna msamaha. Piga picha ukurasa wa uthibitisho.

Hatua ya 6: Usaili

Huwa kwa video, pengine mkiwa waombaji wanne pamoja. Wanatazama unavyosikiliza wenzako kuliko unavyojibu. Mimi nilipewa kisa: mume na mke wameweka miadi, lakini wamefika na mama wa mume. Utafanyaje? Mwenzangu wa kwanza alisema atamwomba mama asubiri nje. Zamu yangu ilipofika nilisema nitamsalimu mama kwanza, nimpe kiti, kisha niwaulize wote watatu nani aliamua waje hivi, na nitatazama wawili wanamwangalia nani kabla ya kujibu. Msaili mmoja akainamisha kichwa akaanza kuandika, na swali lililofuata lilikuwa kuhusu mama.