SOMO: Ombi moja, idara nne. Namna ya kupanga maombi ya wafanyakazi kwenye mfumo wa tiketi

Habari za kazi wakuu. Somo hili ni kwa mnaosimamia dawati la huduma ofisini, yaani mnaopokea maombi ya wafanyakazi na kuyafuatilia kwa tiketi (rekodi ya kila ombi kwenye mfumo), iwe mnatumia Jira Service Management, GLPI, osTicket au mfumo mwingine. Nazungumzia aina moja tu ya ombi: lile linaloanza na mtu mmoja lakini haliishi mpaka idara tatu au nne ziwe zimetia mkono. Hapo ndipo mifumo mingi inapokwama. TEHAMA wanamaliza chao wanafunga tiketi, Fedha nao wanafunga yao, ripoti ya mwezi inapendeza, na mfanyakazi bado yuko mapokezi hana kitambulisho cha mlango.

Mfano wetu kuanzia mwanzo hadi mwisho: kampuni ina makao makuu Dar es Salaam, imeajiri mhasibu mpya, anaripoti tawi la Mwanza Jumatatu ya kwanza ya mwezi.

Hatua ya 1: Panga orodha ya huduma kwa matukio

Fungua ukurasa wa maombi wa ofisi nyingi utakuta vitufe vinne: TEHAMA, Rasilimali Watu, Fedha, Utawala. Huo ni mgawanyo wa kampuni, na mwombaji hana sababu ya kuujua. Kitambulisho cha mlango kinatolewa na nani, Utawala, ulinzi au TEHAMA? Hata wenyeji hubishana.

Andika jambo lililomkuta mtu: "Mfanyakazi mpya anaanza", "Mfanyakazi anaondoka", "Nahamishiwa tawi lingine", "Nimepoteza kitambulisho", "Naenda likizo ya uzazi". Kwenye Jira hili ni rahisi, kwa sababu jina la ombi analoliona mwombaji na aina ya kazi mnayoiona ninyi ndani ni vitu viwili tofauti. GLPI ina kategoria na violezo vya tiketi, osTicket ina mada za msaada. Kazi inafanyika kote.

Tenganisha pia ombi na hitilafu. Printa imekufa, hiyo ni hitilafu, inataka kasi. Naomba printa, hilo ni ombi, linataka idhini na mpangilio. Zikikaa foleni moja, hitilafu zitayameza maombi kila siku.

Hatua ya 2: Chora nani anamsubiri nani

Hii inafanyika kwenye karatasi, kabla hujagusa mfumo, na wahusika wa idara zote wakiwa chumba kimoja. Kila idara ijibu maswali mawili: unahitaji nini ndipo uanze, na ukimaliza unamkabidhi nani nini?

Kwa mhasibu wetu picha inakuwa hivi. Rasilimali Watu wanahitaji mkataba uliosainiwa, wanatoa namba ya mfanyakazi na jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Fedha wanahitaji namba hiyo, pamoja na TIN, namba ya NSSF na akaunti ya benki, ndipo wamwingize kwenye orodha ya mishahara. TEHAMA wanahitaji namba hiyo hiyo kufungua akaunti ya barua pepe, na wanahitaji idhini ya mkuu wa fedha kumpa ruhusa ndani ya mfumo wa uhasibu. Utawala wanahitaji picha tu, ndipo watoe kitambulisho cha mlango, na wanaandaa meza.

Sasa itazame kompyuta. Haihitaji namba ya mfanyakazi kabisa. Kinachoitawala ni safari ya kwenda Mwanza. Kwa hiyo kitu anachokabidhiwa mwisho ndicho kinachotakiwa kuanza kwanza, siku idhini ya ombi lenyewe inapotoka. Ofisi nyingi huifunga kompyuta na akaunti kwenye tiketi moja ya TEHAMA, kisha kompyuta inakaa stoo Dar ikisubiri namba ambayo haiihitaji. Zitenganishe.

Mchoro huu ndio moyo wa somo. Ukiwa sahihi, yanayobaki ni kubofya.

Hatua ya 3: Tiketi mama na tiketi watoto

Mwombaji anaona tiketi moja tu, tiketi mama. Chini yake kila idara ina tiketi mtoto. Kanuni yangu kwa tiketi mtoto: idara moja, mtu mmoja mwenye jina, jambo moja linaloweza kuthibitishwa.

Watumiaji wa Jira wanajikwaa hapa. Kazi ndogo (subtask) haiwezi kukaa kwenye mradi (project, yaani eneo la kazi ndani ya Jira) tofauti na tiketi yake mama. Ukitumia kazi ndogo, mambo ya Rasilimali Watu yatakaa mradi mmoja na mambo ya TEHAMA, na wahudumu wote wa mradi huo wanaweza kuyasoma. Kwa maombi yanayovuka idara, tengeneza tiketi kamili ndani ya mradi wa kila idara, kisha ziunganishe kwa viungo: hii ni sehemu ya ile, hii inazuiwa na ile. Kazi ndogo ziache kwa mambo ya ndani ya idara yenyewe.

Tiketi mtoto iliyoandikwa vizuri inasomeka hivi:

Kichwa: Akaunti ya barua pepe, mhasibu mpya, Mwanza
Mwenye kazi: mhudumu wa akaunti, TEHAMA
Inazuiwa na: tiketi ya namba ya mfanyakazi
Mwisho: Alhamisi kabla ya kuripoti, saa 10 jioni
Imekamilika pale: msimamizi wa tawi amethibitisha kuwa akaunti inafunguka kwenye kompyuta iliyopo Mwanza

Mstari wa mwisho usiuache. "Akaunti imefunguliwa" ni kauli ya TEHAMA kuhusu kazi yao wenyewe. "Inafunguka Mwanza" ni kauli ya mtu wa upande wa pili aliyeiona. Ukiandika kila tiketi mtoto kwa namna hiyo, ubishi wa nani kamaliza na nani hajamaliza unapungua sana.

Hatua ya 4: Fomu fupi, yenye majibu ya kuchagua

Kila kisanduku kinachoendesha jambo fulani kwenye mfumo kiwe cha kuchagua, si cha kuandika. Tawi likiandikwa kwa mkono utapata "Mwanza", "MWZ" na "tawi la Mwanza", na kanuni ya otomesheni (maagizo ambayo mfumo unayatekeleza wenyewe) itaelewa mojawapo tu. Kwa mhasibu wetu fomu inauliza: tarehe ya kuanza, tawi, cheo, msimamizi, na je, atatumia mfumo wa uhasibu? Akijibu ndiyo, vinafunguka visanduku vya ruhusa. Akijibu hapana, asivione.

Usiombe nakala ya kitambulisho, mkataba au cheti cha daktari kwenye tiketi mama. Nyaraka hizo ziende moja kwa moja kwenye tiketi ya Rasilimali Watu, zisomwe na wanaohusika tu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Picha ya kitambulisho iliyosambaa kwenye foleni ya wahudumu ishirini ni tatizo la kisheria, achilia mbali ustaarabu.

Hatua ya 5: Hali na saa

Hali tano zinatosha: Imepokelewa, Inasubiri idhini, Inafanyiwa kazi, Inasubiri mwombaji, Imekamilika.

Saa ya huduma, ile inayohesabu muda ombi linaochukua, isimame pale tu tunapomsubiri mwombaji. Idara moja ikisubiri idara nyingine, saa ya tiketi mama iendelee kukimbia. Ukiruhusu isimame, kila idara itakuwa na alama nzuri na mfanyakazi atakaa wiki mbili bila barua pepe. Kwake yeye kampuni ni moja.

Tena, SLA (muda wa huduma mlioahidi) ya kawaida inahesabu kwenda mbele tangu tiketi ifunguliwe. Mapokezi ya mfanyakazi yanahesabiwa kurudi nyuma kutoka siku anayoripoti. Kwa hiyo weka tarehe ya mwisho kwenye kila tiketi mtoto ukianzia Jumatatu ile ukirudi nyuma, na foleni zipangwe kwa tarehe hiyo. Kalenda ya saa za kazi iwe na sikukuu zenu. Idd hutegemea mwezi kuandama, hivyo ateuliwe mtu wa kuirekebisha inapokaribia.

Hatua ya 6: Otomesheni iwe ya mwisho

Kanuni tatu zinatosha kuanzia. Ya kwanza: idhini ikitoka, tengeneza tiketi watoto, ziunganishe, nakili tarehe, tawi na cheo. Ya pili: tiketi ya namba ya mfanyakazi ikikamilika, namba inakiliwe kwenye tiketi za TEHAMA na Fedha, na wahusika wapate taarifa. Ya tatu: watoto wote wakikamilika, tiketi mama irudi kwa mwenye nayo. Isijifunge yenyewe. Mwenye nayo ampigie simu msimamizi wa Mwanza, aulize kama mtu amekaa mezani na anafanya kazi, ndipo aifunge.

Jaribu kanuni zote kwenye mradi wa majaribio kwanza. Kanuni inayotengeneza tiketi ikichochewa na tiketi iliyoitengeneza yenyewe inaweza kujirudia tena na tena.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, ofisi yetu ina watu 40 na TEHAMA ni mimi peke yangu. Nahitaji yote haya?*

Hapana. Hatua ya 1 na ya 2 zinakuhusu kikamilifu, nyingine zipunguze. Tumia tiketi moja yenye kazi ndani yake. Kwenye osTicket unaweza kuipangia kila kazi idara yake, na mfumo hautakuruhusu kufunga tiketi ikiwa kazi bado ziko wazi, jambo linalokufaa sana. Yenyewe na GLPI ni programu huria. Jira Service Management ina mpango wa bure wa wahudumu hadi watatu, na wanaotuma maombi hawahesabiwi.

*Salaam kutoka Nakuru. Watu wetu wa Fedha hawataki kuingia kwenye mfumo. Wanasema wana barua pepe na inatosha. Nifanyeje?*

Ndugu, usishindane nao, wafuate huko waliko. Tiketi yao iwatumie barua pepe, wakijibu jibu liingie kwenye tiketi. Mifumo yote mitatu niliyoitaja inaweza kupokea majibu ya barua pepe. Kwa mkuu wa fedha anayetoa idhini tu, kwenye Jira hahitaji leseni ya mhudumu. Unachotakiwa kusimamia ni kimoja: idhini ya mdomo au ya WhatsApp haihesabiki mpaka iwe ndani ya tiketi. Mkaguzi akija atauliza nani alimpa yule ruhusa ya kuidhinisha malipo, na tiketi ndiyo itakayojibu.

*Mwalimu, nipo Unguja, nipo upande wa Rasilimali Watu. Anayeachishwa kazi je? Hatuwezi kuitangaza kabla hajaambiwa.*

Dada, swali zito hili. Tukio hilo lisiwepo kwenye ukurasa wa maombi wa watu wote. Lifunguliwe na Rasilimali Watu pekee, ndani ya mradi wao, likiwa na kiwango cha usiri. Tiketi ya TEHAMA ipewe mtu mmoja aliyekubaliwa, na ibebe mambo mawili: akaunti ipi, ifungwe saa ngapi. Sababu haimhusu.

Na angalia kichwa cha tiketi. Barua pepe za taarifa hubeba kichwa, na kichwa huonekana kwenye simu iliyofungwa ikiwa juu ya meza ya mkutano. Tumia namba ya mfanyakazi, jina lisionekane. Tiketi za Utawala kuhusu funguo na vifaa zifunguliwe baada ya mhusika kuambiwa, hata kama ni saa moja baadaye.

*Nani awe mwenye tiketi mama? Kwetu kila kitu kinasukumiwa TEHAMA kwa sababu mfumo ni wao.*

Kusimamia programu si kumiliki ombi. Mwenye tiketi mama ni idara inayobeba tukio lenyewe: kuajiri na kuondoka ni Rasilimali Watu, kuhama ofisi ni Utawala, mfumo mpya wa malipo ni Fedha. Andika kwenye jedwali jina la cheo kwa kila aina ya ombi, na jedwali hilo lisainiwe na mkuu wa taasisi. Bila saini yake mtarudi palepale kwenye kikao cha kwanza chenye lawama.

*Kila mtu anachagua "haraka sana". Tunawazuiaje?*

Kiondoe hicho kisanduku. Badala yake uliza: unahitaji lini, na kazi ya watu wangapi imesimama? Mfumo upange uzito kutokana na majibu hayo mawili, na mhudumu abaki na uwezo wa kubadilisha akiandika sababu kwenye maelezo ya ndani.