Kuifunga ndege ya rimoti ya umeme mpaka iruke

Juzi nilikuwa namsaidia kijana wa jirani kuifunga ndege yake, na masuala alokuwa akiniuliza ni yaleyale ya kila anaeanza, basi bora niyaandike. Naongelea ndege ya fomu (lile povu gumu jepesi), bawa limekaa juu ya kiwiliwili, upana kama mita 1, betri ya lipo (ya lithiamu, ya kuchaji) ya seli 3. Hizo za kivita zinapendeza kweli lakini ziache kwanza, hii ya bawa juu ukiachia stiki za rimoti hujiweka sawa yenyewe.

1. Bandika bawa na mkia. Supagluu ya kawaida usiiguse, inaweza kuila fomu. Mie natumia gundi ya tyubu mbili za kuchanganya, inachelewa kukauka lakini inashika.

2. Funga mota, ESC (kifaa cha kudhibiti mwendo wa mota), sevo (vimota vya kusogeza vibawa), risiva (inayopokea amri za rimoti). Mota ikizunguka kinyume badilisha waya wowote 2 kati ya 3. Propela bado, tafadhali, vidole havina spea.

3. Washa rimoti kwanza ndo uchomeke betri. Vuta stiki ya eleveta kwako, kibawa cha mkiani kipande juu. Peleka stiki ya aileroni (vibawa vya nyuma ya bawa) kulia, cha kulia kipande, cha kushoto kishuke. Kagua umesimama nyuma ya ndege, ukiwa mbele utachanganya.

4. Mizani. Hapa ndo watu wanapovunja ndege. Sasa funga kila kitu, propela pia, betri iwe ndani lakini usiichomeke. Pima bawa kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, tuseme sm 20, basi alama yako iwe kama sm 5 hadi 6 kutoka mbele (karatasi ya kit ikisema vyengine ifuate hiyo), tia alama chini pande zote mbili, inyanyue kwa ncha za vidole viwili hapo hapo, na ufanyie ndani maana nje upepo unakudanganya. Inatakiwa ikae sawa au pua iiname kidogo tu. Mkia ukishuka usirushe hata kama jua linakuchwa na watu wamekuja kutazama, itanyanyua pua, itapoteza mwendo, itaanguka na huna la kufanya. Sogeza betri mbele kwanza, ikifika mwisho na bado, ndo utie chubwi puani, zile za mishipi ya kuvulia. Halafu chora kalamu pale betri inapokaa, na ukinunua betri nyengine pima upya, zinapishana uzito hata kama zimeandikwa sawa.

5. Kurusha. Kusi likikaza subiri, au toka alfajiri. Bahari ikikupwa pwani ya Jambiani ni uwanja tosha, ila futa mchanga na chumvi kwenye mota. Kiembesamaki na jirani zake usirushe kabisa, ni karibu na kiwanja cha ndege, kuna ndege za abiria. Irushe ikikabili upepo, dakika 5 shusha, seli isiende chini ya volti 3.5. Nyumbani usiiweke betri imejaa, iache kwenye 3.8 kila seli.