Kurambaza mbasa Ziwa Nyasa, kuanzia Matema

Mbasa ni samaki wa mwendo. Anaishi maji ya wazi akifukuza usipa, dagaa wa ziwa hili, kwa hiyo chambo kilicholala chini hakimhusu. Anayemtaka arambaze: mshipi mmoja au miwili nyuma ya mtumbwi, chambo cha bati kinachometa, na chombo kisichosimama. Ndivyo wanavyovua samoni na trauti kwenye Ziwa Michigan kule Marekani, na Wazungu waliofika Nyasa walimwita mbasa samoni wa ziwa, maana naye ni wa rangi ya fedha, anakula samaki wenzake na anapanda mito kutaga. Undugu hawana. Mbasa yuko upande wa akina ningu, na hilo linabadilisha vifaa utakavyobeba.

Samoni wa Michigan hufuata maji baridi, ambayo wakati wa joto huwa chini sana, ndiyo maana wavuvi wa kule hutumia mitambo ya kushusha mishipi. Nyasa maji ya juu yana joto la nyuzi 23 hadi 28 mwaka mzima na mbasa yumo humo humo. Huhitaji mtambo. Unahitaji mshipi wa nailoni wa mita 100, mnene kiasi cha kutokukata kiganja, uliozungushwa kwenye kibao. Risasi za gramu 50 hadi 100. Kiungo kidogo kinachozunguka ili mshipi usijisokote. Kisha nailoni nyembamba ya pima mbili (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa), na mwisho chambo. Waya acha dukani. Mbasa hana meno kwenye taya. Wako samaki wengine wa ziwa hili wenye meno makali watakaokukatia mara mojamoja, basi beba vyambo vya akiba.

Chambo tengeneza mwenyewe. Chukua kijiko cha mezani cha chuma kisichoshika kutu, kata mpini, ubaki na bakuli lake. Lainisha ukingo kwa tupa. Toboa tundu dogo kila ncha. Kwenye ncha nyembamba funga mshipi, kwenye ncha pana tia pete ndogo ya funguo na ndoana. Sugua kwa majivu na limao mpaka king'ae. Kitakaribia urefu wa usipa, na hicho ndicho mbasa anachotafuta.

Kabla ya safari pita kwa afisa uvuvi ujue habari ya leseni, na uonane na viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, pale utakapotokea. Watu wa mwaloni ndio watakaokutafuta ukichelewa kurudi.

Ondoka alfajiri. Usiku upepo hutoka nchi kavu na ziwa hutulia. Jua likipanda upepo hugeuka na mawimbi huanza. Kati ya Mei na Agosti, mwera unapovuma kutoka kusini-mashariki, mawimbi yote ya ziwa hili refu huja kuishia pembe hii ya kaskazini, ilipo Matema. Asubuhi ya mwera usitoke, hata kama maji ya karibu yanaonekana mepesi. Jaketi okozi livaliwe, lisikaliwe.

Wavuvi wa usipa hurudi alfajiri hasa siku za giza, wakati taa zao zinavuta samaki vizuri. Wasalimie, mugonile, kisha uliza usipa walikuwa wapi. Jibu hilo ndilo ramani yako ya siku. Mkishaingia majini tazama minandi, wale ndege wapiga mbizi: wakizamia kwa pamoja mahali pamoja, chini yao kuna kundi.

Njia ninayoipenda inatoka Matema, inapita Lyulilo kuelekea Ikombe, chini ya Milima ya Livingstone. Huko mlima unaingia ziwani bila kupumzika, kina kinaanza karibu na mawe na maji ni maangavu. Upande wa Kyela mito inaleta tope, na kijiko hakionekani kwenye tope. Pita sambamba na ukingo, mbali kidogo na mawe, usikate kuelekea katikati ya ziwa.

Sasa mwendo, na hapa ndipo siku inapoharibika au kufaulu. Shusha kijiko ubavuni mwa mtumbwi, nusu pima chini ya maji, wapiga kafi waendelee, nawe ukitazame. Kikining'inia kama kimekufa, mwendo ni mdogo. Kikizunguka mfululizo, mwendo umezidi. Unataka kiyumbe kushoto na kulia, kimete, kizime, kimete tena, kama usipa aliyeumia. Kwa kawaida ni mwendo wa mtu anayetembea, kilomita nne hivi kwa saa. Wapiga kafi wawili wanaumudu vizuri kuliko injini. Ukiwa na injini na hata taratibu yake ni kasi, funga ndoo nyuma ikokotwe, itapunguza.

Baada ya hapo toa mshipi. Uwe umeufunga uzi wa rangi kila pima tano, ili ujue umetoa ngapi. Kina kijue hivi: siku tulivu, pita juu ya mchanga usio na mawe, ukisogea polepole kwenye maji haba mpaka risasi iguse. Rudi pale ilipogusa, si pale mtumbwi ulipokuwa, upime kwa kamba. Andika pima, uzito wa risasi na kina. Badili risasi, rudia. Daftari hilo litakufaa miaka.

Anza na pima kumi, ongeza jua linavyopanda. Usiende moja kwa moja. Pinda taratibu huku na huku. Ukipinda, mshipi wa upande wa nje huongeza kasi na kupanda, wa ndani hupunguza na kuzama. Ukishikwa wa nje, ongeza mwendo au punguza mshipi. Ukishikwa wa ndani, fanya kinyume.

Mbasa akishika, kafi zisiachwe. Mshipi ukilegea, ndoana inatoka. Vuta mkono kwa mkono, akikimbia mwachie kidogo, mwingize kwa kinyavu cha mkono mkiwa mmekaa. Asisimame mtu.

Mvua zikijaza mito, mbasa hukusanyika midomoni mwa Lufilyo, Mbaka, Kiwira na Songwe wapande kutaga. Hapo waache. Kila jike unayemtoa ana mayai ambayo hayajafika kwenye changarawe, na mbasa wamepungua kiasi cha kutosha. Tena kwenye midomo hiyo kuna mamba.

Mtoe matumbo mkiwa bado ziwani, mfunike kwa gunia bichi. Wa kupeleka Mbeya mjini, zaidi ya kilomita 100, mweke kwenye barafu; la sivyo mpasue mgongoni, mtie chumvi na umkaushe kwa moshi jioni ileile.