Jinsi ya kuomba cheti cha Ofisi ya Waziri Mkuu kama mnataka kufunga ndoa Mauritius

Tangu mdogo wangu afunge ndoa kule nimeulizwa hili swali na watu wengi sana, basi ngoja niliandike lote sehemu moja.

Watu wanashangaa Waziri Mkuu anahusikaje na ndoa ya watu wawili waliotoka Mombasa au Dar. Jamani, Mauritius ni kisiwa kidogo, watu milioni moja na laki mbili na kitu, na Ofisi ya Waziri Mkuu imebeba mambo mengi ambayo kwetu yako wizara tofauti tofauti, hata idara inayosajili vizazi, vifo na ndoa iko chini yake. Sasa wageni wawili wanaotaka kufunga ndoa ya serikali kule wanatakiwa wawe na cheti kinachotolewa kwa mamlaka ya Waziri Mkuu, kinachosema kwamba wote wawili sio raia na sio wakazi wa Mauritius. Hicho ndicho kinachowatoa kwenye utaratibu wa kawaida wa kutangaza ndoa na kungoja, bila hicho afisa wa ndoa hawashughulikii hata kama ukumbi umeshapambwa. Kama mmoja wenu ni raia wa kule au anaishi kule kwa kibali basi huu mwongozo sio wenu, njia yake ni nyingine.

Kabla ya kutuma chochote, na hapa nawaomba msome taratibu, wekeni cheti cha kuzaliwa na pasipoti mezani muangalie majina herufi kwa herufi. Mdogo wangu cheti kilikuwa na Mohamed na pasipoti ina Mohammed, m moja tu hiyo, alafu jina la babu lipo kwenye pasipoti na kwenye cheti halipo, na sisi tuligundua tiketi zimeshalipwa. Ilibidi akimbie kwa wakili aape kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, na kile kiapo kikaambatanishwa na maombi. Kilisaidia, lakini mama hakulala siku tatu. Fanyeni hilo kwanza, tiketi baadaye.

Maombi yenyewe yanaenda kwa Msajili wa ndoa, ofisi yake iko mjini Port Louis. Mnaandaa nakala mbili za cheti cha kuzaliwa cha kila mmoja na nakala mbili za zile kurasa za pasipoti zinazoonyesha jina, namba, tarehe na mamlaka iliyoitoa. Aliyeachika anaongeza hati ya talaka ya mahakama iliyo ya mwisho kabisa, na aliyefiwa anaongeza cheti cha kifo cha mwenzake. Ofisi zao zinatumia Kiingereza na Kifaransa, kwa hiyo hati yoyote ya Kiswahili peke yake (hati za talaka hasa) ipelekeni kwa mtafsiri aliyeapishwa. Skani vizuri, sio kupiga picha na simu huku kivuli cha mkono kinaonekana.

Muda unaotajwa ni angalau siku kumi kabla ya ndoa. Mimi nasema msiende na siku kumi, pelekeni mwezi mzima kabla au zaidi, sababu wakirudisha swali moja tu kuhusu hati hizo siku kumi zimeisha. Wengi wanawaachia hoteli ifanye maombi kwa niaba yao, ni sawa na inarahisisha, ila dai kuona nakala ya cheti chenyewe kikitoka, usikubali kuambiwa tu "kila kitu kiko sawa".

Akina dada waliowahi kuolewa kuna jambo lao. Sheria ya kule inataka zipite siku 300 tangu ndoa ya kwanza ivunjike ndipo mwanamke aolewe tena, isipokuwa awe amejifungua katikati hapo au apimwe na daktari wa hukohuko kuonyesha hana mimba. Mwanaume haulizwi hilo. Kama zile siku hazijatimia waambie mapema ili siku ya kupimwa ipangwe, usije ukashtukizwa ukiwa umeshafika.

Mkifika kisiwani mnaenda wenyewe Port Louis na hati halisi, sio nakala, mnasaini mbele ya afisa. Na pale mtaulizwa kitu ambacho kwetu hatujazoea: mali zenu mnataka ziwe za pamoja au kila mtu na zake? Sheria zao za kiraia zimetoka kwa Wafaransa na hilo linaandikwa. Tafadhali lizungumzeni nyumbani kabla, tena kwa utulivu, sababu mdogo wangu na mchumba wake waliangaliana pale kaunta kila mmoja anangoja mwenzake aseme, mpaka afisa akawapa kiti.

Siku yenyewe sasa ni nyepesi, afisa anakuja hotelini au mnakwenda kwake, mashahidi wawili, mnasaini. Mkitaka misa au nikaha hayo ni maombi mengine kwa viongozi wa dini wa kule, cheti hiki hakihusiki.

Msiondoke kisiwani bila nakala rasmi za cheti cha ndoa, chukueni zaidi ya moja. Kama cheti kitatumika kwenye nchi iliyo ndani ya mkataba wa apostille (yaani muhuri mmoja unaofanya hati ya nchi moja ikubalike kwenye nchi nyingine za mkataba huo), mfano Burundi na Rwanda zimo, muhuri huo unatolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu hiyohiyo, na wengine ulizeni wizara ya mambo ya nje ya kwenu inataka uthibitisho gani. Fanyeni hilo mkiwa bado kule, sababu kufuatilia muhuri kutoka Dar ni wiki na wiki za emaili.