Somo: Tambi za Papai Bichi na Mumunye kwa Mchuzi wa Kamba

Mama yangu mzazi alipoambiwa na daktari apunguze wanga, kilichomuumiza zaidi hakikuwa mkate wala wali bali tambi, kwani katika nyumba yetu ya Langoni, hapa Lamu, hicho ndicho kilichokuwa chakula chake cha jioni tangu ujana. Somo hili limetokana na miezi niliyoitumia kumtafutia badala yake. Tambi za ngano zilizochemshwa zina takriban kalori 160 katika kila gramu 100, ilhali papai bichi lina kalori 40 hivi na mumunye changa halifiki 20. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini hupotea yote mpishi anapomimina mafuta bila kipimo, kwa kuwa kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori 120 na kikombe kizima cha kasimile, yaani tui zito la kwanza, kinapita 400. Kwa hiyo nawaomba muuangalie mchuzi kwa makini yale yale mnayoziangalia tambi.

Kwa watu wanne, tayarisha papai bichi moja la kilo moja au mumunye changa la uzito huo, kamba nusu kilo waliokwisha kumenywa, nazi moja, kitunguu maji kimoja, nyanya tatu, punje nne za thomu, pilipili mbichi, bizari ya manjano, ndimu na kotmiri.

Hatua ya kwanza ni kuchagua. Papai liwe gumu, na ukilipasua nyama yake iwe nyeupe na mbegu zake zisiwe zimeanza kuwa nyeusi, kwa sababu likianza kugeuka rangi ndani, nyuzi zake zitapondeka jikoni na ladha itakuwa tamu. Mumunye nalo lionje kipande kidogo kibichi kabla ya kulikata. Likiwa chungu, litupe lote, hata kama umelivusha kutoka bara kwa gharama, maana uchungu huo ni sumu inayosumbua tumbo na haiondoki kwa kupikwa.

Hatua ya pili ni kukata. Lichanje papai maganda yake, liache litoe utomvu, kisha lioshe na ulimenye ukiwa umejipaka mafuta kidogo mikononi ili utomvu usikuwashe. Kata vipande virefu vyembamba kwa kufuata urefu wa tunda, uviweke kimoja juu ya kingine, halafu uvichane kwa kisu chenye makali mpaka upate nyuzi za upana wa tambi. Kwa mumunye, acha sehemu ya katikati yenye mbegu, kwani hiyo ni maji matupu.

Hatua ya tatu ndiyo inayobeba kazi yote, nayo ni kuondoa maji. Mara ya kwanza nilipompikia mama, nilitia mumunye moja kwa moja ndani ya tui likichemka, na kabla ya dakika tano kupita sufuria ilikuwa na supu ambayo mama aliila kwa subira lakini hakuirudia. Tangu siku hiyo nanyunyiza nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kila nusu kilo ya nyuzi, naziacha dakika 20 ndani ya chungio, naziosha upesi, kisha nazikamua kwa kitambaa safi mpaka kitambaa kilowe. Papai halihitaji chumvi: lichemshe dakika mbili, limwage maji na ulitandaze kwenye chano lipoe.

Hatua ya nne ni mchuzi. Kuna nazi na ukamue matui mawili. Kasimile uiweke kando. Kaanga kitunguu kwa kijiko kimoja cha mafuta, utie thomu, bizari, pilipili na nyanya, uache vikauke, kisha utie tui la pili na uchemshe mpaka lipungue kufikia nusu. Hapo tia kamba kwa dakika tatu, na mwishoni vijiko vitatu tu vya kasimile, ambavyo vinatosha kuleta harufu. Nyuzi zipashe moto peke yake katika kikaango kikavu kwa dakika mbili, uzipakue, umimine mchuzi juu yake wakati wa kula, na umalizie kwa ndimu na kotmiri.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Shela: Bi Mwalimu, shikamoo. Mke wa mwanangu ni mjamzito. Je, anaweza kula tambi za papai bichi?

Jibu: Marahaba, dadangu. Mpikie mumunye au kabichi iliyochanwa nyembamba, kwa sababu utomvu wa papai bichi una vitu vinavyohofiwa kuamsha tumbo la uzazi. Mwenye mzio wa mpira naye ajiepushe nalo.

Mwanachama wa Malindi: Nimeletewa pakiti ya tambi za konjaki. Zinanuka kama samaki. Je, zimeharibika?

Jibu: Hazijaharibika. Konjaki ni kiazi cha Asia ya Mashariki, na unga wake hugandishwa kwa chokaa, ndiyo maana maji ya pakiti yana harufu hiyo. Zioshe kwa maji mengi, zichemshe dakika tatu, kisha zikaushe kikaangoni bila mafuta mpaka zianze kulia. Zina kalori 10 tu hivi kwa gramu 100. Zikate fupi, mle kwa kutafuna vizuri, na mtu anayepata shida ya kumeza asipewe. Anayetumia dawa za kisukari amuulize daktari wake kwanza, maana zinaweza kuishusha sukari na kuchelewesha dawa kuingia mwilini.

Mwanachama wa Mkomani: Je, naweza kuzipika tambi hizi za konjaki au za mumunye kwa sukari na iliki kwa futari?

Jibu: Sikushauri. Konjaki hainywi sukari, na mumunye huachia maji. Ni bora ule tambi za kweli, kibakuli kidogo, siku chache.

Mwanachama wa Matondoni: Mume wangu alishiba, lakini saa moja baadaye alikuwa na njaa tena.

Jibu: Mboga peke yake haikai tumboni. Ongeza kamba au samaki, au tia kikombe cha kunde zilizochemshwa ndani ya mchuzi. Kalori zitaongezeka kidogo, lakini hatarudi jikoni usiku kutafuta mkate.