Kuhamishia bafa za draiva ya video kwenye videobuf2

Juzi nilimsaidia mwenzangu kusafisha draiva ya kunasa video kwenye Linux. Ilikuwa na foleni yake ya bafa (sehemu za kumbukumbu zinazobeba picha), mmap yake (kuipa programu kumbukumbu hiyo) na poll yake (kusubiri picha iwe tayari), vyote vimeandikwa kwa mkono. Sioni sababu ya kubaki hivyo: videobuf2, maktaba ya kusimamia bafa za video, imo ndani ya kerneli tangu toleo la 2.6.39, mwaka 2011.

1. Chagua aina ya kumbukumbu. Kifaa kikihitaji kumbukumbu iliyoungana kwa DMA (kifaa kuandika kwenye kumbukumbu bila kupitia prosesa), tumia dma-contig; kikiweza kuandika vipande vilivyotawanyika, dma-sg. Prosesa ikinakili data yenyewe, vmalloc inatosha.

2. Tengeneza muundo wa bafa yako. `vb2_v4l2_buffer` iwe mwanzo kabisa, kisha `list_head`, kiungo cha kuiweka bafa kwenye orodha ya draiva.

3. Andika funksheni ambazo videobuf2 itaziita: `queue_setup`, `buf_prepare` na `buf_queue`. Hii ya mwisho huongeza tu bafa kwenye orodha yako, chini ya spinlock (kufuli la kerneli).

4. Andika `start_streaming` na `stop_streaming`, za kuanza na kusimamisha kunasa. Hapa tuende polepole, maana hatua hii iliwahi kunila usiku mbili. Kunasa mara ya kwanza kulikwenda vizuri. Mara ya pili kerneli ilianguka. Sikuwa nimerudisha bafa zote wakati wa kusimamisha. Videobuf2 hutoa onyo na kuzichukua kwa nguvu, lakini orodha ya draiva hubaki na anwani zake. Kumbukumbu ikishaachiliwa, kifaa kinaandika mahali pasipo pake.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu bila kuubadili: zima DMA, ita `synchronize_irq`, inayosubiri kishughulikia intarapti kimalize (usiiite ukiwa umeshika spinlock ambayo kishughulikia intarapti nacho kinaihitaji, mtakwama wote), ndipo utoe kila bafa kwenye orodha na kuirudisha kwa `vb2_buffer_done` yenye hali ya `VB2_BUF_STATE_ERROR`. Usiisahau ile ambayo kifaa kilikuwa kinaijaza; mara nyingi imeshatolewa kwenye orodha na imeshikwa na pointa ya pembeni.

`start_streaming` ikishindwa, rudisha zote pia, ila kwa `VB2_BUF_STATE_QUEUED`. Ukiweka ERROR hapo umekosea, kwa sababu bafa hizo bado ziko foleni upande wa programu.

5. Futa msimbo wa zamani, weka `vb2_ioctl_*` na `vb2_fop_*`. Usiache hata kipande "kwa tahadhari".

6. Washa KASAN (kigunduzi cha makosa ya kumbukumbu ndani ya kerneli), endesha `v4l2-compliance -s` (programu ya kupima draiva za video), kisha anza kunasa na uiue programu katikati. Rudia papo hapo. Kosa la hatua ya nne hujitokeza kwenye kurudia huko.