Lafudhi na utani kwenye gemu: jinsi ya kutafsiri bila kikundi kugawanyika

Nimetoka kuwasaidia vijana wa Kampala wanaotafsiri gemu ndogo ya hadithi kutoka Kiingereza hadi Kiswahili. Mambo ya kompyuta hayakuwasumbua. Kilichowagawa ni mvuvi mmoja ndani ya gemu: aongee kwa lafudhi gani, na vichekesho vyake vibaki kama vilivyoandikwa au vigeuzwe vya hapa kwetu? Ugomvi huu ni wa zamani. Gemu ya Kijapani ya Dragon Quest IV ilipotoka kwa Kiingereza kwenye Nintendo DS mwaka 2008, watu wa Burland, ufalme mmoja wa ndani ya gemu, walipewa Kiingereza chenye lafudhi ya Uskoti na wale wa ufalme wa Zamoksva wakapewa chenye lafudhi ya Kirusi. Mpaka leo wapo mashabiki wanaosema hapo ndipo gemu ilipopata uhai, na wapo wanaosema waliacha kusoma.

Hatua ninazoeleza ni za gemu zilizotengenezwa kwa Ren'Py, programu ya kutengenezea gemu za hadithi. Kama ndiyo mara yako ya kwanza, anza na Ren'Py, usihangaike na programu nyingine kama RPG Maker.

Hatua ya 1: Ruhusa na faili

Mwandikie mtengenezaji, omba ruhusa. Akikubali na kukupa mradi, ufungue kwenye Ren'Py, chagua kuzalisha tafsiri, andika jina la lugha, na folda ya game/tl/swahili itajitengeneza. Tafsiri humo humo. Usiguse mstari wa asili, hata nukta, kwa sababu Ren'Py hutambua kila mstari kwa alama inayotokana na maneno yake. Ukibadilisha la asili, tafsiri yako inapotea machoni pa gemu. Maandishi yahariri kwa Notepad++ au kihariri kingine cha kawaida. Sipendi kuyahamishia kwenye jedwali la mtandaoni: yakirudi, alama za nukuu zimepinda na "ng'ombe" amepoteza kitone chake.

Hatua ya 2: Mhusika kwanza, lafudhi baadaye

Kabla hamjabishana, kila mmoja aandike mstari mmoja: watu wa ndani ya hadithi wanamwonaje mhusika huyu anapofungua mdomo? Katika gemu ya Ni no Kuni, yule kiumbe mdogo mwenye taa puani huitwa Shizuku kwa Kijapani na huongea lahaja ya Osaka. Kwa Kiingereza akawa Drippy, mwenye lafudhi ya Wales. Osaka na Wales hazina ujirani wowote, lakini mchezaji anasikia mtu wa mkoani, mchangamfu, asiyenyenyekea wakubwa. Hicho ndicho cha kutafuta.

Kama majibu yenu yanapingana, hamjafika kwenye lafudhi bado. Rudini mkacheze gemu.

Hatua ya 3: Andika kanuni ya lafudhi

Hapa ndipo muda wote unapoliwa, kwa hiyo nitakaa hapa.

Vijana walitaka mvuvi aongee kama Mganda anayejifunza Kiswahili. Wazo zuri, maana hadithi iko kando ya ziwa na mvuvi ni mwenyeji kuliko wote. Lakini rasimu ya kwanza ilikuwa na r na l zimebadilishwa ovyo, na Waganda waliokuwamo kikundini wakaona wanachekwa. Walikuwa na haki kabisa. Luganda ina utaratibu wake: r huja baada ya e na i, kwingine kote ni l. Ndiyo maana Kiswahili chenyewe huitwa Oluswayiri. Ukifuata utaratibu huo, "rafiki" inakuwa "lafiki", "safari" inakuwa "safali", "kweli" inakuwa "kweri" na "kilima" inakuwa "kirima". "Serikali" haibadiliki hata herufi moja. Na "mwalimu" akiandikwa "mwarimu", aliyeandika hajawahi kumsikiliza Mganda. Anaigiza dharau aliyoisikia kwa watu wengine.

Kwa hiyo fungueni faili moja fupi ya kanuni na muiweke kwenye folda ya mradi. Ndani yake kuwe na sauti inayobadilika, mahali isipobadilika, na maneno matatu au manne ambayo mhusika huyapenda. Haya ndiyo ya kuangalia:

– Chagua badiliko moja la sauti, usichukue yote. Mganda wa kweli huenda pia akadondosha h, na "habari" ikawa "abali". Kwa sikio ni sawa, kwa jicho ni kazi. Baraza la mawaziri la Uganda liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe cha lazima shule za msingi na sekondari, na wengi watakaoicheza gemu yenu ni wanafunzi ambao bado wanajifunza tahajia. Neno moja lenye lafudhi kwa kila mstari linatosha. Mstari wenye maelekezo ya kucheza usiwe na hata moja.

– Ukimpa mhusika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, "batu" na "bintu" badala ya "watu" na "vitu" vinatosha kumtambulisha. Lakini mpe mtu wa Kongo asome kwanza. Kampala wamejaa, na kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale pia. Kama katika gemu nzima Mkongo pekee ni mwizi, lafudhi hiyo iondoeni, hata kama imeandikwa vizuri namna gani.

– Askari. Kwa wazee wengi wa Uganda, Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi na amri. Sajenti akisema "Wewe, kuja hapa!" wakati wengine wote wanasema "njoo", mtu wa Jinja atamtambua mara moja, na msomaji wa Mombasa atadhani mmekosea. Mimi ningeiacha "kuja", kwa sharti kwamba sajenti aiseme tangu mstari wake wa kwanza na asiisahau hadi mwisho. Likitokea mara moja tu, hata mtu wa Jinja ataliona kosa.

– Usipige kura. Kura za WhatsApp humpa ushindi mwenye marafiki wengi kikundini. Lafudhi ikishaandikwa kama kanuni, anayelalamika anaonyesha mstari uliovunja kanuni, mnaurekebisha, mnaendelea. Anayepinga kanuni yenyewe alete mzungumzaji wa lafudhi hiyo, si maoni yake.

Hatua ya 4: Utani

Hapa kikundi kilikuwa na kambi mbili: wanaotaka gemu itafsiriwe kwa mtindo wa ma-VJ, wale watafsiri wa filamu wa Uganda wanaotia utani wao juu yake, na wanaotaka maneno ya mwandishi yaheshimiwe. Nawapenda ma-VJ. Nimekua kwenye vibanda vya video nikisikiliza VJ akimpa shujaa wa Marekani jina la jirani yetu. Lakini tazama jinsi kazi yao inavyofanya kazi: sauti ya VJ iko juu ya filamu. Mtazamaji anamwona mwigizaji, anamsikia VJ, anajua ni watu wawili. Kwenye gemu ya maandishi hakuna sauti ya pili. Utani wowote utakaouongeza unaingia kinywani mwa mhusika na kuwa tabia yake. Mama aliyefiwa akitupa mzaha wa boda boda, ni yeye aliyeutupa.

Kwa hiyo uliza kwanza utani wa asili unafanya kazi gani: unaonyesha tabia, unapumzisha baada ya msiba, au umeficha jibu la fumbo? Kazi hiyo ibaki, maneno yabadilike.

Mfano wetu ulikuwa bata wa gati, ambaye kwa Kiingereza anacheza na neno lenye maana mbili, mdomo wake na deni la kulipa. Mnyama yuko kwenye picha, huwezi kumbadilisha. Tuliandika: "Kila mtu mjini anataka kula bata. Mimi hakuna anayeniuliza." Anayesikiliza Bongo Fleva anajua kula bata ni kustarehe na anacheka mara mbili. Asiyejua anamwona bata anayeogopa sufuria, anacheka mara moja. Utani wa namna hiyo upokee bila mjadala. Unaohitaji maelezo pembeni, uache.

Wale wa mtindo wa VJ nao wasinyimwe. Ren'Py inakubali lugha zaidi ya moja, basi watengenezewe folda yao, swahili_vj, na mchezaji achague kwenye menyu. Wakitaka kufanya vizuri zaidi, wamwongeze VJ kama msimulizi mwenye jina lake na rangi yake ya maandishi.

Hatua ya 5: Soma kwa sauti, kwenye simu

Kiswahili hurefuka kuliko Kiingereza. Kata mstari unaotoka nje ya kisanduku. Kila mhusika asomwe na mtu mmoja mwanzo hadi mwisho. Kisha endesha ukaguzi wa Lint, ule wa Ren'Py wa kutafuta makosa kwenye faili.

Hatua ya 6: Gemu ikipata toleo jipya

Zalisha tafsiri tena kwa jina lile lile la lugha. Ren'Py itaongeza mistari mipya tu na kuacha kazi yenu ilivyo. Anza na mistari ya wenye lafudhi, ukiwa umefungua faili ya kanuni pembeni, na umtumie mzungumzaji yule yule wa mwanzo aisome kabla hujaiweka hewani.